Vituo vya kulelea watoto: Nani analipa mshahara wa mlezi?

BIASHARA ya kulea watoto wadogo mchana ni mojawapo ya zile ambazo mfanyabiashara huziangalia kwa mbali na kuziona nyepesi. Inataka nyumba, uwanja wa kuchezea, uji wa saa nne, walezi wachache na wazazi wanaolipa ada kila mwezi. Watoto wanazaliwa kila siku, na akina mama wanaokwenda kazini wanaongezeka. Kwa hesabu hiyo, wateja hawawezi kwisha.

Hivyo ndivyo walivyoamini wawekezaji wengi wa Australia walionunua hisa za kampuni ya ABC Learning. Hisa hizo ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa bei ya dola 2 za Australia. Desemba 2006 zilifika dola 8.80. Agosti 2008 zilisimamishwa sokoni zikiwa zimebaki senti 54, na Novemba mwaka huohuo kampuni ikakabidhiwa kwa wasimamizi baada ya kushindwa kulipa madeni yake. Mwekezaji aliyenunua hisa 1,000 wakati wa kilele alitoa dola 8,800. Hakuambulia kitu.

Hasara hiyo ingekuwa ya wanahisa peke yao kama kampuni ingekuwa inauza viatu. Lakini ABC Learning ilikuwa na vituo zaidi ya 1,000 nchini Australia, watoto zaidi ya 100,000 na wafanyakazi wapatao 16,000. Kituo kikifungwa Jumatatu asubuhi, mzazi naye hafiki kazini Jumatatu hiyohiyo. Ndiyo maana serikali ililazimika kufungua mfuko wake haraka.

Mambo hayo hayakuishia mwaka 2008. Marekani, Ireland na Australia yenyewe zimeendelea kuhangaika na vituo vinavyofungwa na walezi wanaokimbilia kazi nyingine zenye mshahara mzuri zaidi. Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayetaka kuielewa biashara hii, swali la kuanzia ni moja: nani analipa mshahara wa mlezi?

Hesabu ya chumba kimoja

Kiwandani, mwenye mali anaweza kununua mashine mpya na kupunguza vibarua. Katika kituo cha watoto njia hiyo imefungwa, na aliyeifunga ni sheria. Kanuni za Australia zinataka mlezi mmoja kwa kila watoto wanne wenye umri wa chini ya miaka miwili. Kwa watoto wa miaka miwili hadi mitatu, mlezi mmoja hulea watoto watano katika sehemu kubwa ya nchi. Wakubwa zaidi, ambao hawajaanza shule, ni watoto 11 kwa mlezi mmoja, na baadhi ya majimbo yana viwango vikali kuliko hivyo.

Matokeo yake ni kwamba mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Tume ya ushindani ya Australia, katika uchunguzi wake uliokamilika mwishoni mwa mwaka 2023, ilikuta kwamba katika makampuni makubwa ya vituo, gharama za wafanyakazi zinakaribia asilimia 70 ya gharama zote. Pango na ardhi hufuata kwa mbali.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chumba chenye watoto wachanga 12, kila mmoja akilipiwa dola 100 kwa siku. Mapato ni dola 1,200. Walezi watatu, pamoja na sehemu yao ya mshahara wa msimamizi, wanachukua dola 780. Pango ni dola 180. Chakula, nepi na mengineyo ni dola 10 kwa kila mtoto, yaani dola 120. Inabaki faida ya dola 120, asilimia 10 ya mapato.

Mtoto mmoja akiondoka, mapato yanashuka hadi dola 1,100. Pango halipungui. Walezi nao hawapungui, kwa sababu watoto 11 bado wanahitaji walezi watatu. Kinachopungua ni chakula tu. Faida inabaki dola 30. Akiondoka wa pili, chumba kinaingia hasara ya dola 60 kila siku, na bado sheria inadai walezi watatu walewale.

Sasa turudishe watoto wote 12, kisha walezi waongezwe mshahara kwa asilimia 15. Nyongeza hiyo ni dola 117. Faida iliyokuwa dola 120 imekuwa dola 3. Mwenye kituo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kupandisha ada kwa karibu dola 10 kwa kila mtoto, na baadhi ya wazazi watamtoa mtoto na kumpeleka kwa bibi. Anaweza kukataa kuongeza mshahara, na walezi watahamia dukani au hospitalini. Au anaweza kumpata mlipaji wa tatu, asiye mzazi wala yeye mwenyewe. Katika nchi nyingi tajiri mlipaji huyo ni serikali.

Jinsi ABC Learning ilivyopaa

Kampuni hiyo ilianza mwaka 1988 mjini Brisbane, chini ya mfanyabiashara Eddy Groves. Wakati huo sehemu kubwa ya msaada wa serikali ya Australia ilikwenda kwenye vituo visivyo vya faida. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa: wazazi waliopeleka watoto kwenye vituo vya watu binafsi nao wakaanza kupunguziwa ada kwa fedha za serikali. Kuanzia hapo, kila mtoto aliyeandikishwa katika kituo cha biashara aliweza kuja na fungu la hazina nyuma yake.

Soko la hisa lilipenda mapato ya namna hiyo. Mteja analipa, serikali inamsaidia kulipa, na hakuna mkopo mbaya. Baada ya kuingia sokoni mwaka 2001, ABC Learning ilitumia hisa zake na mikopo ya benki kununua vituo kimoja baada ya kingine. Ilimeza washindani wake wakubwa nyumbani, kisha ikanunua kampuni kubwa ya vituo Marekani na nyingine Uingereza.

Tatizo lilikuwa kwenye mizania. Majengo mengi yalikuwa ya kupanga. Sehemu kubwa ya mali iliyoandikwa vitabuni haikuwa matofali wala mashine, bali leseni za kuendesha vituo, zilizothaminiwa kwa bei kubwa iliyolipwa wakati wa kununua. Leseni ya kituo kilichojaa watoto ina thamani. Leseni ya kituo kilichojaa nusu ni karatasi. Lakini mkopo uliochukuliwa kununulia vyote viwili unadai riba ileile.

Februari 2008 kampuni ilitangaza kwamba faida ya nusu mwaka imeshuka sana. Kwa siku moja bei ya hisa iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 40. Ikabainika pia kwamba wakurugenzi, akiwamo Groves, walikuwa wamekopa fedha kwa kuweka rehani hisa zao za kampuni hiyohiyo. Bei iliposhuka, waliowakopesha waliziuza hisa hizo ili kurudisha fedha zao, na mauzo hayo yakaisukuma bei chini zaidi. Kampuni iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya Marekani, lakini haikutosha. Miezi michache baadaye ilishindwa kutoa hesabu zilizokaguliwa kwa wakati, na Novemba 2008 mwisho ukafika.

Serikali yaokoa milango

Serikali ya Australia haikuwalipa wanahisa. Ilichokifanya, kupitia Waziri wa Elimu wa wakati huo Julia Gillard, ni kutoa dola milioni 22 ili vituo visifungwe kabla ya mwisho wa mwaka 2008. Desemba iliahidi nyingine hadi dola milioni 34 kwa ajili ya vituo ambavyo havikuweza kujiendesha, wakati wanunuzi wakitafutwa. Vituo 55 vilifungwa. Vingine viligawanywa kati ya wanunuzi wadogo na mnunuzi mmoja mkubwa.

Mnunuzi huyo alikuwa GoodStart, ushirika wa mashirika manne ya kijamii yasiyogawa faida. Desemba 2009 ilitangazwa kwamba umechukua vituo 678 kwa dola milioni 95. Ukigawanya, kila kituo kilikwenda kwa wastani wa dola 140,000 hivi. Benki ilitoa mkopo, na serikali ikaongeza mkopo wa dola milioni 15.

Hapa kuna jambo ambalo mwekezaji anapaswa kulitazama kwa makini. Watoto walikuwa walewale, walezi walewale na ada zilezile. Vituo vile vilivyoiangusha kampuni moja viliendelea kufanya kazi chini ya nyingine. Kilichobadilika ni bei ya kununulia na mzigo wa deni. Kituo cha watoto kinaweza kulipa mishahara, pango na kubakiza kidogo. Hakiwezi kulipa mishahara, pango, kidogo hicho, na juu yake riba ya mkopo uliochukuliwa kwa matumaini kwamba bei ya leseni itapanda daima.

Ruzuku ya ada na ruzuku ya mshahara

Msaada wa serikali una sura mbili, na mfanyabiashara asizichanganye.

Sura ya kwanza ni kumpunguzia mzazi ada. Australia iliunganisha misaada yake ya aina hiyo Julai 2018, na Julai 2023 ikaongeza kiwango hadi asilimia 90 ya ada, kwa kikomo kilichowekwa, kwa familia za kipato cha chini. Fedha hizo huleta watoto mlangoni. Lakini hazina lazima zimfikie mlezi. Mwenye kituo akipandisha ada, sehemu ya nafuu ya mzazi inaishia kwenye pango au kwenye gawio la wanahisa.

Sura ya pili ni kulipia mshahara wenyewe. Agosti 2024 serikali ya Australia ilitangaza dola bilioni 3.6 kwa ajili ya nyongeza ya asilimia 15 kwa walezi na walimu wa vituo, watu wapatao 200,000. Asilimia 10 ilianza Desemba 2024 na asilimia 5 ikafuata Desemba 2025. Kwa mlezi wa kawaida anayelipwa kima cha kisheria, hiyo ni angalau dola 103 zaidi kwa wiki kwa hatua ya kwanza, kisha dola 155.

Fedha hizo zilikuja na kamba. Kituo kilichozipokea kilizuiwa kupandisha ada kwa zaidi ya asilimia 4.4 katika mwaka mmoja ulioanza Agosti 2024. Mkataba wa kazi ulipaswa kuonyesha kwamba nyongeza inamfikia mfanyakazi. Na mpango wenyewe uliwekewa mwisho: Novemba 2026.

Ukirudi kwenye hesabu ya chumba kimoja, maana yake inaonekana wazi. Dola 117 za nyongeza zinatoka hazina, na faida ya dola 120 inabaki salama. Lakini faida hiyo haiwezi kukua kwa kupandisha ada kadiri mwenye kituo anavyotaka. Mwekezaji anapata utulivu kwa kutoa uhuru wa kupanga bei. Na akinunua hisa za kampuni ya vituo wakati kama huo, ni lazima ajiulize siku mpango utakapokwisha, mshahara uliopanda utashushwa na nani. Mshahara ukishapanda, ni vigumu kuurudisha ulipotoka.

Siku ruzuku inapokatika

Jibu la swali hilo lilianza kuonekana Marekani. Wakati wa janga la korona, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 2021 dola bilioni 24 za Marekani za kuvishikilia vituo visianguke. Vituo zaidi ya 220,000 vilipata fedha hizo, na vingi vilizitumia kulipa mishahara na pango. Muda wake uliisha Septemba 30, 2023.

Mwezi Juni mwaka huo taasisi ya utafiti ya The Century Foundation ilikadiria kwamba vituo 70,000 vingeweza kufungwa na watoto milioni 3.2 kukosa nafasi. Milango haikufungwa yote kwa siku moja. Baadhi ya majimbo yalichukua nafasi ya serikali kuu. Vermont ilipitisha kodi ndogo ya asilimia 0.44 ya mishahara, iliyoanza Julai 2024, kwa ajili ya kugharimia malezi ya watoto. Kentucky ilianza mwaka 2022 kuwalipia wafanyakazi wa vituo ada za watoto wao wenyewe, ili mlezi asilazimike kuacha kazi ya kulea watoto wa wengine kwa kukosa wa kumlelea wake.

Mahali ambapo hapakuwa na mfuko wa jimbo, kituo kilirudi kwenye njia zilezile mbili: kupandisha ada au kupunguza watu. Kupunguza watu kunapunguza vyumba. Ndiyo maana si kila kufungwa kunaonekana barabarani. Bango la kituo linabaki juu ya mlango, lakini chumba cha wachanga kimefungwa kwa sababu hakuna walezi, na wazazi wanasubiri nafasi kwa miezi. Mwaka 2023 mlezi wa kawaida wa Marekani alikuwa akipata kama dola 14.60 kwa saa. Kwa mshahara huo, ghala au duka kubwa halihitaji kujitahidi sana kumchukua.

Ireland inaonyesha upande mwingine. Septemba 2022 serikali ilianza kuvipa vituo fedha za uendeshaji moja kwa moja, na mwezi huohuo kima cha chini cha mshahara wa kisekta kikaanza kutumika. Sharti lilikuwa ada zisivuke kiwango cha Septemba 2021. Wazazi walifurahi. Lakini wamiliki wa vituo vidogo, hasa vile ambavyo havikuwa vimepandisha ada kwa miaka mingi, walijikuta wamefungiwa na bei ya zamani huku umeme, bima na mishahara vikipanda. Septemba 2023 baadhi yao walifunga milango kwa siku tatu kupinga. Kwa hiyo ruzuku nayo inaweza kubana, kama kipimo chake ni kimoja kwa mkubwa na mdogo.

Mlipaji anapokasirika

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu za mwaka. Julai 2025 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walitangaza mashtaka ya unyanyasaji wa watoto dhidi ya mtu aliyewahi kufanya kazi katika vituo kadhaa. Hisa za G8 Education, kampuni ya vituo iliyoorodheshwa kwenye soko la nchi hiyo, zilishuka. Kabla mwezi haujaisha Bunge lilipitisha sheria inayoipa serikali uwezo wa kukata ruzuku ya kituo kinachoshindwa kulinda usalama wa watoto.

Kwa mzazi, sheria hiyo ni kinga. Kwa mwekezaji ni kumbusho kwamba mlipaji mkubwa wa biashara hii ni mmoja tu, na anaweza kuondoka kwa kosa moja. Mlezi aliyefunzwa, anayelipwa vizuri na anayedumu kituoni si gharama ya kubanwa tu. Ndiye anayelinda mapato ya kampuni.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

Mwenye kutaka kuweka mtaji katika biashara ya aina hii, iwe kwa kununua hisa au kwa kuingia ubia, anapaswa kupata majibu ya maswali machache.

Kwanza, vyumba vimejaa kiasi gani? Asiridhike na idadi ya vituo. Kampuni yenye vituo 50 vilivyojaa ni bora kuliko yenye 100 vilivyojaa nusu, kwa sababu mishahara hailingani na idadi ya watoto waliopo bali na kiwango cha walezi kinachodaiwa na sheria.

Pili, sehemu gani ya mapato inatoka serikalini, kwa mpango gani, na mpango huo unaisha lini? Tarehe ya mwisho wa ruzuku ni muhimu kama tarehe ya kulipa mkopo.

Tatu, mali iliyoandikwa kwenye mizania ni nini? Leseni na jina zuri la biashara zikizidi majengo na fedha taslimu, bei ya hisa inasimama juu ya matumaini.

Nne, deni ni kiasi gani ukilinganisha na faida ya vituo vyenyewe, kabla ya kuongeza vilivyonunuliwa mwaka huo? Kampuni inayokua kwa kununua tu huweza kuficha kwamba vituo vya zamani vimedumaa.

Tano, walezi wangapi waliacha kazi mwaka uliopita? Takwimu hiyo hutajwa mara chache katika taarifa za makampuni, lakini ndiyo inayotangulia kufungwa kwa vyumba.

Kwa anayefikiria kufungua kituo mtaani kwake bila ruzuku ya mtu yeyote, hesabu ni ileile, ila mlipaji wa tatu hayupo. Ada ya mzazi pekee ndiyo itakayolipa mlezi, pango na uji. Ada ikiwa ndogo, mahali rahisi pa kupunguza ni mshahara wa mlezi au idadi ya walezi, na huko ndiko biashara inakoanza kuharibika. Ni afadhali kuanza na watoto wanane walio na walezi wanaotosha, na daftari linaloonyesha faida ndogo ya kweli, kuliko 30 walio na mlezi mmoja aliyechoka, anayetafuta kazi nyingine.